Pasi Uliyotoka Nayo Asubuhi

Khalfani mdogo wangu,

Chai iko kwenye chupa. Viazi vitamu nimevifunika, uvimalize, usinibakizie kwa kujidai.

Asubuhi nimekukosea. Nilivyokuona unatoka na pasi nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia, nikajua unakwenda kuiuza kama ile ya kwanza, enzi zako za kuvuta unga. Kumbe unafuata makaa ya moto kwa jirani, Mama Lulu, uninyooshee gauni la kazini! Ukalinyoosha, ukalitandaza kitandani, ukatoka bila neno. Bora ungenitukana. Gauni nimelivaa, limenyooka kweli, ingawa mgongoni umeliunguza kidogo na nimeona.

Tangu utoke hospitali wewe unapona, mie ndio bado nina ile hofu. Nivumilie.

Redio imekufa tena. Ipeleke kwa fundi Mashaka, Chang'ombe. ~~Mwambie binamu Jabiri akusindikize.~~ Nenda peke yako. Msubiri mpaka amalize. Na usiifunike na kitu, ibebe begani, upite mlangoni kwa Mama Lulu na kwa wote walionisikia. Wakuone unakwenda nayo, na wakuone unarudi nayo.

Dada yako mwenye mdomo