Dada Aliyeacha Kunisemea

Dada yangu Zuhura,

Huu mwaka wa pili tangu tukuzike. Juzi mwanangu aliniuliza ni nani aliyenifundisha kusema. Nikamjibu, "Mama yako mkubwa."

Ilikuwa Malindi, miaka ya themanini. Mimi nina miaka sita, wewe kumi. Nilikuwa na kitembe kibaya. Paka nikimwita tata, na mikate ya mofa nikiiita mota. Ni wewe peke yako uliyenielewa, ukawa ndio ulimi wangu. Nikinyoosha kidole tu, wewe washasema.

Kisha wakaja wale watafiti wa matamshi ya watoto, mwanamke wa Mombasa na mwenzake, wakipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha picha. Mama akawakaribisha ukumbini. Yule mwanamke alinionyesha picha moja moja, akitaka kuandika nitamkavyo, lakini kila alipouliza ulijibu wewe kabla sijafumbua kinywa. "Kijiko! Ufunguo!"

"Mwanangu," akakwambia, "muache aseme mwenyewe."

Walipomaliza alikwita kando, mkanong'ona. Nilikuona ukiitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya pili tulitumwa mofa kwa Bi Salma, jirani yetu. Ukasimama nyuma yangu, kimya.

"Haya bibie, wataka nini?" Bi Salma akaniuliza.

Nikakuvuta nguo. Ukatazama ukuta. Nyuma yetu wanawake wengine walikuwa wakingoja zamu zao.

"Mota," nikasema. "Mota nne."

Wakacheka wote isipokuwa Bi Salma. Yeye aliifunga mikate akakupa, nawe ukaipokea machozi yakikulengalenga. Hilo sikulijali. Nilifika nyumbani nikakusemea kwa mama: "Dada hanitati tena!"

Mama akaacha kukuna nazi, akanitazama. Hakuwahi kunisikia nikitoa maneno matatu mfululizo bila wewe.

Mwaka mzima ulinifanyia hivyo, na mwaka mzima nilikuchukia. Tulilala kitanda kimoja, mimi nikikupa mgongo. Nilipofika darasa la pili nilisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, na mofa ikawa mofa. Sukari ilinisumbua zaidi. Hata leo nikichoka huniponyoka.

Nilikuwa nishaolewa mama aliponieleza kuwa yule mtafiti ndiye aliyekuagiza uninyamazie na ungoje, hata nikilia. Siku ile ile nilikujia kwako Kilifi. Nilikukuta wachambua mchele.

"Mbona hukuniambia, Dada?"

"Ningekwambia, ungenililia," ukasema, macho yako kwenye ungo. "Na ungenililia, ningekusemea."

Nikakaa chini nikakusaidia kuchambua. Tukazungumza habari za watoto, za mvua, za harusi ya binamu yetu, hadi adhuhuri ikaadhiniwa nami nikaaga. Neno lililonipeleka sikulitoa.

Ahsante, Dada. Mola akulaze pema.

Mimi mdogo wako,
uliyemwachia ziwa