Taa Isiyo na Betri

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu 2024

Mgongo. Tena mgongo. Tangu asubuhi nimeinamia meza nikilehemu nyaya, moshi wote machoni. Gracien, mwenzangu wa kazi, anapasua mbao nyuma yangu na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya mbuzi. Atelye yetu ni chumba kimoja hapa Rughenda, Butembo, bati tupu, na mvua ikianza hatusikilizani. Afadhali!

Mama Orpa amepiga simu. Ni direktrisi wa shule ya msingi huko Beni, mtaa wa mwisho kabisa, nyumba chache halafu mashamba. Anataka kitu cha kuchezea cha kufundishia sayansi kwa watoto wa mwaka wa nne. Wengi ni wakimbizi, wametoka Kamango na vijiji vya njiani. Eti batoto banaandikaka neno courant, umeme, kila mwaka, mais hakuna mwenye aliisha kuona ile courant inatokea wapi. Tumpelekee cha mfano; akikipenda, sisi tutengeneze vya darasa zima.

Mimi nilifundisha fizikia kwa chaki peke yake mpaka nikachoka. Nikakimbilia huku. Na huku pia nimechoka.

Jumatano, 6

Tumebishana siku nzima. Gracien anataka mkono wa kunyanyua mizigo, wa sindano za hospitali na maji: ukisukuma hapa, kule unainuka. Mzuri, sikatai. Lakini sindano zikipasuka mtoto atapata wapi nyingine? Sanduku la betri na kengele, wazo langu, nimeliondoa mwenyewe. Betri zikiisha, mchezo umekwisha, na hakuna mzazi atakayenunua betri za kuchezea.

Imebaki turbini. Gurudumu la vizibo vya chupa, mkanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, moteri ndogo ya radio mbovu, taa ya tochi. Maji yakizungusha gurudumu, taa inawaka. Basi. Gracien anasema ni ya kupendeza macho yangu kuliko ya watoto. Mwongo. Yeye mwenyewe aliipuliza kwa mdomo alipodhani sioni.

Jumamosi, 9

Baada ya salongo, usafi wa mtaa wa kila Jumamosi, tumeshuka mtoni nyuma ya atelye, sisi na watoto wa mtaa. Hapa Butembo hakuna mlima usio na kijito chini yake, kwa hiyo sikufikiria mahali pengine pa kujaribia. Nimebana turbini katikati ya mawe mawili. Imekohoa, imezunguka — imewaka! Watoto wamepiga kelele mpaka mama mmoja aliyekuwa anafua akatufukuza, eti tunamchafulia maji. Kisha akasogea naye kutazama, sabuni mkononi.

Nilifurahi kijinga. Muda mrefu sijafurahi hivyo.

Jumanne, 12. Beni

Nimefika kwa moto, pikipiki ya kukodi, matope mpaka magotini, barrière baada ya barrière za askari. Kiuno si changu tena.

Mama Orpa amenipa chai na kunionyesha bureau yake, ofisi. Kwenye kabati: ramani ya mwili wa mtu, mizani, darubini, vyote vipya, vyote vimefungiwa kufuli. Vinatoka inspekta akija. Hapo nimewaka mimi! Nimemwambia siuzi kitu cha kabatini. Turbini ilale kwa watoto, kila usiku nyumba nyingine, kwa zamu. Ikivunjika ivunjike, ndivyo watakavyojifunza. Amekubali, shingo upande.

Mvua ilikuwa inanyesha, tukafanyia darasani, juu ya beseni. Mtoto mmoja anamimina jagi, taa inawaka, jagi linaisha, taa inazima. Kelele, kucheka, sakafu yote maji. Msichana mmoja tu hakucheka. Jemima, miaka tisa. Anaishi na mama yake mdogo, Falonne, tangu walipokimbia Kamango. Aligeuza turbini pande zote, akavuta mkanda, akaurudisha. Kisha akauliza:

"Madame, inaweza waka usiku muzima?"

Swali zuri kuliko yote! Nikamjibu kwa furaha: ndiyo, ukiiweka mtoni. Mto hauchoki kama jagi.

Mama Orpa akapiga makofi, tufunge somo. Nikadhani ni saa tu zimekwenda. Ameikubali turbini. Ile ya mfano nimewaachia.

Alhamisi, 14

Nimekata vizibo mpaka vidole vimevimba. Gracien hana hata nguvu ya kuimba.

Jioni Mama Orpa kapiga simu, mwenye furaha. Wasingya, wasingya, asante! Batoto habalale tena, kila mumoja anataka zamu yake. Leo ni ya Jemima, ameiomba kwa machozi. Analalaga na woga wa giza, donc nimemupatia.

Nikauliza, kwa kuuliza tu, mto wa karibu uko wapi. Akashusha sauti. Halafu: "Uko huku chini ya mashamba. Mais kule hatushukake, Madame. Tangu mwaka jana. Bale ba mama baliendaka kuchimba viazi, waasi balibakamata, habakurudi. Hata basoda na bunduki zabo habashukake mangaribi."

Nimekaa chini. Nimemwambia nilichomwambia mtoto yule. Akasema nilikusikia, ndiyo maana nilipiga makofi, na wewe ukiisha enda niliwakataza wote. Batoto ni batoto, mais banajua woga.

Nimemwomba aichukue kwa Jemima shuleni kesho asubuhi na mapema. Aifungie kabatini. Ndiyo, mimi! Kabatini, kwa kufuli.

Nimeona aibu, na zaidi ya aibu ni hofu. Beseni lilikuwa mbele yangu na bado nikataja mto. Kwangu mto ni mahali pa kufulia nguo.

Ijumaa, 15

Asubuhi simu haikupita. Réseau hakuna. Mchana pia.

Saa kumi na mbili jioni simu imepita. Mama Orpa. Jemima hakufika shuleni leo, Falonne alimwacha nyumbani na homa akaenda sokoni. Aliporudi, mtoto hayuko, turbini haiko.

Mtaa mzima umesimama mwisho wa barabara, kwenye barrière. Askari wamesema hakuna mtu kushuka, wangojee komanda wao, naye bado yuko njiani. Jua linazama. Na mtu mmoja ameona kitu.

"Madame, tunaona kataa kadogo kule chini, katika matete. Kanawaka. Hakazime."

Akaniweka kwenye haut-parleur, wote wanisikie. Nikasikia watu wengi, nikasikia mwanamke akipumua karibu kabisa na simu. Ni Falonne. Mama Orpa anasema ameshavua viatu ashuke. Anauliza: kama kanawaka, si ni kusema mutoto iko anakashika? Si ni kusema iko muzima? Wewe njo ulikatengeneza, utuambie.

Nimesema ngoja, nakupigia. Nimekata.

Sijapiga. Ninaandika. Gracien amesimama mlangoni, amesikia yote.

Mtoto anayejua kuvuta mkanda na kuurudisha anajua pia kubana mawe. Akishaibana vizuri, turbini haihitaji mkono wa mtu. Itazunguka peke yake mpaka asubuhi, mtoto awepo, asiwepo. Huo ndio ukweli wake wote. Hakuna kingine ninachokijua.

Simu inalia tena. Nikisema ndiyo, Falonne atashuka. Nikisema hapana, hakuna atakayeshuka.