Mashahidi Watatu wa Bawasiri

Jumatatu, 4 Mei
Nimeanika magome. Jua la kuazima, mawingu yamekalia mlima. Wagonjwa wawili, wote wamepitia migombani. Kwangu hakuna anayepita mbele. Ninatibu bawasiri, ukionekana hapa, kijiji kizima kinajua unakaa kwa shida.

Jumanne, 5 Mei
Mjini, kwa mratibu wa tiba asili. Binti mpole. Shikamoo yake ilinipa moyo, fomu yake ikaninyang'anya. Penye "elimu" nimeandika: kwa mama. Hilo kalikubali. Lakini wagonjwa watatu waliopona wasaini mbele ya mtendaji wa kijiji, mwisho Jumatatu ijayo. La sivyo nifunge. Nimetibu tangu nina nywele nyeusi, leo nithibitishwe na watu wanaojificha.

Alhamisi, 7 Mei
Nimezunguka nyumba tisa za niliowatibu. Wote wamepona sana. Wamepona mpaka wamesahau kama waliumwa. Mwalimu mstaafu kasema hanijui. Alilia kwenye mkeka wangu, yule.

Ijumaa, 8 Mei
Nimemfuata katekista. Wakati wa Kwaresima alikuwa hakai kanisani, anasimama ibada nzima; waumini wakasifu unyenyekevu wake. Mimi ndiye niliyemtibu. Leo kanipa mkungu wa ndizi. Saini, hapana. "Mzee Kobelo, niombe kingine chochote." Nimerudi na ndizi begani, nina hasira.

Jumapili, 10 Mei
Nimefanya jambo baya. Baada ya misa, uwanja umejaa, nikamwuliza kwa sauti: "Katekista, siku hizi unakaa vizuri?"
Kisha mama mmoja wa jumuiya: "Kumbe ndio ule unyenyekevu!" Wakaangua kicheko. Hata watoto.
Yeye hakucheka. Mimi nilicheka kidogo. Naona aibu kuliandika hilo.

Jumatatu, 11 Mei
Katekista kanitangulia kwa mtendaji. Kasaini kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi. Nyuma yake mwalimu, na mama muuza iliki, naye nilimtibu. Hao sikuwaita. Wameogopa kuulizwa hadharani.
Mtendaji: "Hongera Mzee, kumbe una watu!"
Nimemsalimu katekista. Kapita kama anapita kisiki.
Fomu nimeifikisha mjini. Imegongwa muhuri.

Jumatano, 20 Mei
Hajaja mtu. Nimesingizia mvua.

Jumamosi, 30 Mei
Binti wa mjini kapiga simu. Usajili umekubaliwa, nikachukue cheti. "Hongera sana, babu." Nimemshukuru mara mbili, nisikate simu haraka. Baada ya hapo sikuwa na wa kumwambia.
Mgonjwa bado hakuna. Nasikia siku hizi wanakwenda mpaka Kihonda, kwa mganga mmoja asiye na cheti. Wanasema ni mtu asiyesema.
Ukungu umeshuka hadi mlangoni. Nimechemsha magimbi. Nimekula nusu.