Mlango wa Mwanamisi

Jumamosi, 10 Mei

Insha za Kidato cha Pili zimekwisha. Sasa ujaji wa shindano la sanaa za vijana. Mashairi, michoro, na mchezo mmoja wa kompyuta. Mchezo! Kautengeneza Mwanamisi, niliyemfundisha dini na Kiswahili hapa Msambweni. Unatembea hadi nyumba ya makuti. Jikoni kunafuka moshi. Kuna kitufe cha kupiga hodi. Nimekibofya zaidi ya mara thelathini, mlango haufunguki. Alama nne kwa mia. Nimeandika: "Mbovu. Si sanaa."

Jumatatu, 12 Mei

Matokeo yametangazwa Ukunda. Mshindi, mchoraji, atapelekwa Mombasa kusomeshwa. Maoni yangu yalisomwa ukumbini. Watu wakacheka. Mwanamisi alikuwa amekaa na mamake. Nami nilicheka.

Jumanne, 13 Mei

Riziki, mke wangu, kaucheza mchezo ule akingoja wali uive. Hodi mara tatu. Kimya. Akageuka, akarudi njiani, na mchezo ukaishia hapo, polepole, kwa adhana ya alasiri.

Kumbe! Hodi tatu, usipojibiwa urudi. Somo hilo nalifundisha mimi kila mwaka, na mtihani natunga. Nyani haoni kundule.

Riziki analia. Asema ni kwa marehemu mamake, kule Mwabungo. Mlango ni ule ule, asema. Mlango wa mamake ulikuwa wa mabati, huu ni wa mbao. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewapigia simu waandalizi. Nikasema nilikosea, nilidhani mchezo umeharibika. Tuzo imeshatolewa, hairudi. Wakanisifu kwa uungwana wangu. Nimeona haya kuliko siku zote.

Kwa sababu nimewadanganya. Tangu hodi ya kwanza nilijua ni kwa baba, kule Mkongani. Mwaka tuliogombana alikataa kunijibu hodi. Niliusukuma mlango, nikamtukana akiwa juu ya msala, akisali. Akafa hatusemezani. Mchezo haukunishinda kuuelewa. Ulinijua, nikaukasirikia, na aliyelipa ni mtoto wa watu.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda kwao Mwanamisi. Akanipa shikamoo kama zamani. Nikaomba radhi. Akasema yameshapita, mwalimu, na nikamwamini nusu.

Akanieleza kuwa nyumba ile si ya mtu yeyote, aliichora tu. Lakini kila anayecheza humtajia ya kwake. Kuna aliyeona ya mkewe wa kwanza. Kuna aliyeona ya jirani aliyehama.

"Na wewe, mwalimu, uliona ya nani?"

Nimemjibu sikuona ya mtu.

Akanitazama kwa huruma. "Pole, mwalimu," akasema, kwa dhati kabisa.

Nikasema ahsante.