Betri ya Mlango wa Mama Yako

Mwanangu kitinda mimba,

Huku tunapumua. Paa la jikoni halivuji tena, na paka wako amezeeka ila wizi hajaacha.

Umeuliza kama kile kidude ulichokifunga kwenye mlango wa chumba cha mama yako bado kinafanya kazi. Ulipokuwa unakiunga hapa mezani ulitueleza kwamba kinalala ili kisile betri, na mlango ukifunguliwa kinaamka na kukutumia habari kwenye simu. Mama yako akauliza, "Na betri ikiisha?" Ukacheka: "Nitakuja mwenyewe kuibadilisha, mama."

Neno hilo alilishika. Ulipopiga simu ukifurahi kwamba mama yako mgonjwa siku hizi anatokatoka, amepata nguvu, nilinyamaza kwa sababu alinikanya. Hakuwa akitoka popote. Alifunga mkanda wa gauni lake kwenye kitasa, na akiwa palepale kitandani akawa anauvuta mlango unafunguka. Nikamwambia, "Mama watoto, pumzika basi." Akanijibu, "Niache, mzee. Naimaliza betri."

Mwishowe tukawa wawili: yeye anavuta, mimi narudishia. Vikongwe wazima!

Tangu tulipomzika, nawe ukakosa ruhusa kazini, mlango ule sikuugusa. Leo nimeufungua ili nikujibu. Kitaa cha kile kidude kimewaka papo hapo.

Betri bado nzima, mwanangu. Ulikitengeneza vizuri mno.

Njoo hivyo hivyo.

Baba yako