Mafuta ya Kondoo Kwenye Gurudumu la Bwana

Mpendwa Baba Naserian,

Salamu zikufuate huko ulikopelekwa na Wadachi. Sisi wa Elerai tu wazima, ila mimi bado nina kinyaa, na ndicho kilichonishikisha kalamu. Herufi nilizofundishwa misheni leo zimepata kazi.

Ile harufu ya mpira haijatoka nyumbani. Uliileta wewe, siku uliyokuja na gurudumu la baiskeli ya Bwana Mdachi wa boma begani, umejaa maringo kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Mpira mpya ulikuwa umebana, unakataa kuingia kwenye ringi. Bwana alikukataza kuugusa kwa chuma, usije ukatoboa mpira wa ndani. Basi tukaketi uani, wewe umekanyaga upande huu, mimi ule, tunasukuma kwa vidole gumba. Ulinifundisha nianze mbali na mdomo wa kujazia upepo na kumalizia hapo, na ukingo niuzamishe katikati ya ringi ili tupate nafasi. Kikabaki kipande cha shibiri moja, hakiendi mbele wala nyuma. Tulicheka, nakumbuka. Ulisema mimi ni kama mpira ule, mgumu kuingia nyumbani kwa mtu. Nilikupenda sana siku ile, hadi uliposimama ukaingia ndani.

Ulitoka na kibuyu cha mafuta ya kondoo. Kondoo yule baba yako alimchinja kwa ajili ya Naserian, ambaye hata kitovu kilikuwa hakijapona. Mafuta yalikuwa ya kuninywesha mimi mzazi, na mengine ya kumpaka mtoto kichwani siku wazee watakapokuja kumbariki.

"Hayo ni ya mtoto," nilikwambia.

"Mtoto hapigwi kiboko," ukajibu, ukachovya vidole.

Mpira uliteleza ukaingia. Nikatazama mafuta ya baraka yakichuruzika kwenye gurudumu la mtu yule, ndipo kinyaa kikaniingia. Wazee walipokuja kibuyu kilikuwa kitupu, wakambariki mtoto kwa mate peke yake. Baba yako aliacha kunisemesha. Alidhani nimeyanywa yote kwa uroho, nami nikanyamaza ili nikusitiri.

Laiti ungepata hata asante. Mafuta hula mpira, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Baada ya siku chache mpira ukavimba, ukalegea, na Bwana alipokuwa anateremka kuelekea Mto Themi ukachomoka. Akaviringika mavumbini mbele ya wanawake waliotoka sokoni. Wewe ukalazwa chini, ukapigwa viboko hamsa wa ishirini. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hufugwa na mtu. Kwako wewe punda ndiye aliyekufuga. Nilikukanda mgongo kwa maji ya moto nikidhani yamekwisha. Kulipokucha ukarudi boma. Hakuna askari aliyekuja kukuchukua. Uliniambia kwamba hakuna mwingine anayeijua ile baiskeli. Hapo nilikuchukia, Baba Naserian, na sioni sababu ya kuficha.

Kisha vita vikafika. Wadachi walipoondoka njia ilikuwa matope matupu, na baiskeli haipandiki. Nilisimama kando ya barabara nikakuona umeibeba kichwani, mipira imekaza vizuri, Bwana anakufuata nyuma na fimbo yake. Chombo cha kumbeba mtu kimebebwa na mtu. Jirani yetu alicheka hadi akashika tumbo. Mimi nilitema mate, na hayakuwa ya baraka.

Sikukwambia kwamba nilikuwa mjamzito. Nimejifungua mvulana, pua ni yako. Baba yako amechinja kondoo mwingine, mnono kuliko yule. Jana wazee walikuja, nami nikawaambia wote mafuta ya Naserian yalikokwenda. Baba yako aliinamisha kichwa, kisha akanipa kibuyu kwa mikono miwili. Nimempaka mwanao kichwani na shingoni hadi kwenye nyayo. Yaliyobaki nimempaka Naserian, ingawa amekua na alikimbia akilalamika kwamba ananuka.

Kama u hai, njoo. Mlango uko wazi kwa mtu mmoja. Baiskeli iache hukohuko porini. Na ukija mgongo unauma, nitakukanda kwa maji ya moto tu. Mafuta yamepata mwenyewe.

Mimi mkeo,
Mama Naserian