Mnara wa Karatasi ya Daftari

Mama Hafidha,

Chai iko kwenye chupa. Nimekwenda Ruangwa mjini kununua manila, ile karatasi ngumu. Cheka tu, mwenyewe nimeshajicheka.

Asubuhi nilipopaka gundi, mnara wa ule mfano wa msikiti ulilowa, ukainama kama mtu anayetafuta kandambili zake. Kuta za boksi zimesimama vizuri, ila boksi ni nene, halikunjiki kuwa mnara, ndiyo nikatumia karatasi ya daftari. Ulisema, "Baba Hafidha, weka manila." Nikakujibu, "Fundi ni nani hapa?"

Kuku wasiingie ndani.

Wazee wakija kuamua kama tujenge msikiti wetu kwa mfano huo, nami sijarudi, ~~sema ni upepo~~ waambie ukweli: ulinishauri, nikabisha. Lakini wanywe chai kwanza.

Baba Hafidha